Ndo Utaratibu, Mama

Mwaka juzi, mwezi wa tano, mvua bado zinapiga, alikuja jamaa mmoja kwenye kajiko kangu ka kusagia karanga hapa Pasua, Moshi. Kitambulisho kaning'iniza shingoni ila kimegeuka, unaona mgongo wake tu jina huoni, na mkononi ana faili la bluu limechakaa kwenye kona. Akasalimia vizuri, "shikamoo mama", nikaitikia, akatafuta pa kukaa hapaoni, nikageuza ndoo ya lita 20 nikaifuta na khanga akakaa. Mashine ilikuwa inanguruma nikaizima. Akaangalia juu, akaangalia chini, dirisha lina wavu, ndoo ya taka ina mfuniko, kofia nimevaa na binti anayenisaidia kavaa, akatulia kidogo kama mtu anayetafuta neno la kuanzia, halafu macho yakatua ukutani.

"Mama, sinki ni moja."

"Moja ndiyo kaka, na mabeseni haya mawili, la kuoshea na la kusuuzia."

"Zinatakiwa mbili."

"Imeandikwa wapi?"

Aisee sikuuliza kwa ubishi. Nilitaka kweli kujua, maana kama imeandikwa mbili labda imeandikwa na ukubwa, na mimi fundi bomba wangu ni mtu wa kupewa vipimo, usipompa vipimo anakuwekea sinki la kunawia mtoto. Lakini yule kijana aliniangalia kama nimemuuliza mshahara wake. Akafungua faili, akalifunga.

"Mama, huo ndo utaratibu."

Faini akasema laki mbili. Baada ya robo saa ya kuongea ikawa elfu hamsini, risiti sikupewa, na akaondoka na makopo mawili ya siagi ya karanga, ya kwenda kupima alisema. Majibu ya hicho kipimo nasubiri mpaka leo. Ofisi aliyotoka siitaji, kwanza sina hakika kama alitoka huko alikosema.

Kuanzia siku hiyo nikawa mhubiri. Saluni, kwenye kikoba, kanisani baada ya ibada, yeyote aliyekaa karibu yangu alisikia: haya mamlaka yote yafutwe. Tuwe na sheria tu. Sheria iandikwe ieleweke, mfanyabiashara mkubwa na mdogo wote waisome, ukiivunja unapelekwa mahakamani unajieleza mbele ya hakimu, hujaivunja unaachwa usage karanga zako. Hii habari ya mtu kuja na faili halina kitu ndani, na sheria yenyewe ipo kichwani kwake na inabadilika kulingana na alivyoamka, hapana. Na kwa makampuni makubwa iwe hivyohivyo, migodi, mafuta, simu, benki, wote wapewe sheria iliyo wazi basi.

Mume wangu alinisikiliza kama wiki mbili hivi, jioni moja anakula akauliza bila hata kuinua kichwa, "Na karanga zako atazipima nani, hakimu?"

Nilimkasirikia. Lakini swali lilikaa, na linakaa hasa kwa mtu wa karanga, ngoja nieleze kwa nini.

Karanga zina kitu kinaitwa sumukuvu. Ni sumu inayotengenezwa na aina ya kuvu, wale ukungu, karanga au mahindi yakivunwa na unyevu au yakihifadhiwa vibaya. Inaharibu ini, na ukila kidogo kidogo miaka mingi inaleta kansa ya ini, na ukila nyingi kwa mkupuo inaweza kuua haraka. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu waliugua hivyo kutokana na mahindi na karibu 20 wakafa. Sasa ubaya wake ni kwamba huioni. Haina harufu, haina ladha, ukikaanga haiishi, ukisaga ndo unaificha kabisa. Karanga nzima angalau unachambua, unatoa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye vidoa, na hiyo kazi tunaifanya mimi na binti kila asubuhi kwenye ungo mpaka macho yanauma. Lakini siagi ni siagi. Mtu akichukua karanga mbovu zile za bei ya kutupa pale sokoni akasaga akaongeza chumvi na asali kidogo, utalamba kijiko na utasifia.

Nitakiri jambo. Miezi kadhaa baada ya yule wa sinki, kuna mteja mmoja mwenye duka kubwa Arusha alitaka cheti cha maabara ndo achukue mzigo. Nikapeleka sampo kwa kujiamini, maana zile karanga nilizinunua mwenyewe, nikazichambua mwenyewe, nikaonja. Tamu kuliko zote nilizowahi kusaga. Majibu yakarudi 14. Kiwango ni 10, yaani sehemu 10 kwa bilioni, ambayo ukiweka kwa lugha yetu ni gramu moja ya sumu ndani ya tani 100 za karanga, semi tatu zimejaa na nyingine imeanza kupakia, na humo mna kijiko kidogo tu cha hiyo sumu hakijajaa. Mi nilikuwa na 14. Magunia matatu yalitoka hapo yakaenda kufukiwa, na nyumbani tulikula dagaa muda mrefu.

Sasa niambie, sheria iliyo wazi ingenisaidia nini? "Mtu yeyote haruhusiwi kuuza chakula chenye sumu." Nzuri, fupi, mtoto wa darasa la nne anaielewa. Na mimi ningeivunja huku natabasamu, na wateja wangu wangekuja kujua miaka 15 mbele kwenye wodi, na hakuna hakimu ambaye angeunganisha lile ini na kopo langu. Hiyo 10 yenyewe nani ameiandika? Mbunge wangu namheshimu lakini hawezi kukaa Dodoma akajadili kama iwe 10 au 4 au 20. Ni watu wa viwango, wenye maabara, wanaokaa na wenzao wa Afrika Mashariki wanakubaliana. Kwa hiyo mahubiri yangu ya kikobani yakaanza kupwaya.

Ila sikuhamia upande wa pili. Nataka hili lieleweke kwa sababu kuna watu nikifika hapa wanasema enhee, sasa umeelewa umuhimu wa mamlaka, lipa ada. Hapana bana.

Nilianza kuangalia maneno tunayotumia. Sisi huku tuna ngazi nne. Kuna sheria, hiyo inapita bungeni, ina namba na mwaka, unaweza kuitafuta. Chini yake kuna kanuni, hiyo waziri anasaini na haina nguvu mpaka itangazwe kwenye Gazeti la Serikali, nayo ina namba, GN fulani ya mwaka fulani. Chini yake kuna maelekezo. Maelekezo yanaweza kuwa barua, yanaweza kuwa hotuba, yanaweza kuwa mkuu fulani alisema kwenye ziara na watu wakapiga makofi. Halafu chini kabisa kuna utaratibu, na utaratibu hauko popote. Hauna namba, hauna tarehe, hauna mwenye nao. Na kitu kinachofika mlangoni kwangu, mimi wa Pasua, kila mara ni hicho cha mwisho. Sheria ya bunge inaanzia Dodoma ikiwa na vifungu, inashuka inashuka, ikifika kwenye ndoo yangu ya lita 20 imekuwa "ndo utaratibu mama".

Nikisikia mtu anabishana mamlaka au sheria siku hizi namuuliza hilo tu, hicho kinachomfunga mfanyabiashara kipo ngazi ya ngapi. Ile 10 ya sumukuvu imetungwa na wataalamu sio wabunge, lakini imeandikwa, nikiitafuta naiona, na ni 10 kwangu na ni 10 kwa kiwanda chenye wafanyakazi 400. Sinki la pili wakati ule sikujua lipo ngazi ya ngapi.

Mfano wa kiwango kizuri kilichotumiwa vibaya upo hapo Namanga tu. Tarehe 5 Machi 2021 mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya iliandika barua kuzuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Barua moja. Malori yalikuwa tayari barabarani, mengine yameshafika mpakani, mwezi wa tatu huo mvua zinaanza, na mahindi yenye turubai bovu kwenye mvua ndo yanatengeneza hiyohiyo sumu unayoikimbia. Siku kama tano baadaye wakafungua kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, mzigo uwe na cheti kwamba haujazidi 10. Masharti ya maana kabisa! Nani anayapinga? Kwa nini basi hayakuja kwanza, na tarehe mbele, ili mwenye mahindi apime kabla hajapakia? Kwenye sayansi hawakukosea, walikosea kwenye namna ya kutoa amri, na hasara akabeba yule wa katikati mwenye lori la mkopo.

Mtoto wa dada yangu anasoma sheria, likizo anakuja kunisaidia kubandika lebo na kunichosha na maneno. Yeye ndo aliniambia hii kesi ya Marekani ya wavuvi. Yaani huko kulikuwa na chombo cha serikali kinachosimamia uvuvi, kikaamua kwamba boti za kuvua samaki wanaoitwa herring zibebe mkaguzi wa serikali majini, na kwamba mwenye boti ndo amlipe huyo mkaguzi, hadi kama dola 700 kwa siku. Sheria ilisema mkaguzi anaweza kubebwa. Ilisema nani anamlipa kwenye boti za aina hiyo? Haikusema. Chombo kikajaza chenyewe lile pengo. Na kwa miaka 40, tangu kesi ya Chevron ya mwaka 1984, mahakama za huko zilikuwa na desturi kwamba sheria ikiwa na utata na tafsiri ya chombo ikawa na mantiki, basi mahakama inakipisha chombo. Tarehe 28 Juni 2024 mahakama yao ya juu kabisa ikaifuta hiyo desturi, majaji sita kwa watatu, kazi ya kusema sheria inamaanisha nini ikarudi kwa majaji.

Nilifurahi kama nimeshinda mimi! Mvuvi anayeambiwa amlipe mtu aliyekuja kumkagua, si ndo mimi na makopo yangu mawili? Halafu kijana akaniongezea kachumbari: ile kesi ya 1984 ilitokana na uamuzi wa chombo cha mazingira wakati mkuu wake ni mama mmoja anaitwa Anne Gorsuch, na mmoja wa majaji waliofuta desturi hiyo mwaka 2024 ni mwanawe, Neil Gorsuch. Nikamwambia mwanangu ukiwa jaji usianze na mimi.

Lakini yeye ni mwerevu yule, akanipiga na hadithi nyingine palepale, na hii ndo imenikaa zaidi. Mwaka 1937 hukohuko Marekani kampuni moja ilitengeneza dawa ya maji ya kutibu maambukizi, ikayeyusha dawa yenyewe ndani ya kimiminika cha viwandani chenye sumu, wakaiwekea ladha, wakaiita Elixir Sulfanilamide. Hawakuijaribu kwa kiumbe chochote. Watu zaidi ya 100 wakafa, wakiwemo watoto. Sasa sheria ya wakati huo ilikuwa ya 1906, na ilikuwa wazi kweli, ilikataza dawa iliyoghushiwa au yenye jina la uongo. Haikudai mtu apime kama dawa inaua. Unajua walikamatwa kwa kosa gani? Kwa neno elixir! Maana elixir ilitakiwa iwe na pombe ndani na hii haikuwa nayo. Wangeiita jina lingine, mzigo wote ule wa vifo usingekuwa na kosa la kuushtaki kwenye sheria hiyo. Mwaka uliofuata ndo wakatunga sheria mpya, kwamba kampuni ipeleke kwanza ushahidi wa usalama, na chombo kina siku 60 za kupinga, kikikaa kimya dawa inaingia sokoni.

Na mwaka 1960 likaja ombi la dawa inaitwa thalidomide, tayari ilikuwa inauzwa Ulaya, wajawazito wanaitumia kwa kichefuchefu na usingizi. Faili likamwangukia mama mmoja mgeni kazini, Frances Kelsey, mzaliwa wa Kanada. Akasema ushahidi hautoshi, leteni zaidi. Wakaleta. Bado hautoshi. Siku 60 zinaanza upya. Kampuni inapiga simu, inalalamika kwa mabosi, yule mama kakaa palepale. Mpaka ikajulikana Ulaya kwamba watoto wanazaliwa bila mikono, bila miguu, duniani zaidi ya 10,000, na Marekani ikapona kwa sehemu kubwa sana kwa sababu ya mtu mmoja aliyekuwa anasema "lete karatasi nyingine".

Lete karatasi nyingine! Si ndo maneno ambayo mimi nayachukia kuliko yote? Usiku huo nilifikiria sana yule mama na yule kijana wa faili la bluu, kwa nje wanafanya kitu kilekile. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba kampuni ilijua inadaiwa nini, ilikuwa na saa inayohesabu siku upande wake, na kila "hapana" ilikuja kwa maandishi yenye sababu. Sheria ya 1938 ndo ilimpa yeye kiti cha kukalia na ikampa kampuni hiyo saa. Yeye akaweka akili na ubishi wake ndani ya hizo siku 60. Angekuwa na ubishi bila saa angekuwa wa sinki tu.

Tuje nyumbani maana huko mbali kuna raha yake lakini hawauzi karanga. Wanaosema sheria ikiwa wazi imetosha, nawaomba twende Mbuyuni, au Kilombero kama uko Arusha, tukaangalie lumbesa. Sheria ya vipimo iko wazi kuliko maji ya Njoro, gunia lisizidi kilo 100. Namba moja, haihitaji mwanasheria. Na gunia la viazi linashuka kwenye fuso lina kichwa juu kimeshonwa na kamba kama kilemba cha bibi harusi, watu wanne wanalisukuma, kila mtu sokoni anajua halafu hakuna anayejua. Mkulima anajua anaibiwa. Lakini viazi vyake vimeshachimbwa, vinasubiri, na mnunuzi kamwambia hutaki lumbesa naenda kijiji cha pili, na kijiji cha pili watakubali. Huyo mkulima umwambie nenda mahakamani? Anahitaji mtu wa mzani asimame pale shambani siku ile saa ile, na huyo mtu wa mzani ni wakala, ni chombo, kilekile nilichokuwa nataka kifutwe. Tena mtu wa mzani ndo ninayempenda kuliko wakaguzi wote, kwa sababu hana maoni. Anaweka jiwe lake upande huu, anaangalia mshale, anagonga muhuri au hagongi.

Na mafuta je? Hapo wanaosimamiwa ni wakubwa sana na inageuka kabisa. EWURA, ile mamlaka ya nishati na maji, ilianza kazi 2006 na sasa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi inatoa bei kikomo, kila mtu anaiona kwenye simu. Agosti 2011 walishusha bei, makampuni yakagoma kimyakimya, vituo nchi nzima vikakauka. Mume wangu alisukuma pikipiki kutoka Kiboriloni mpaka nyumbani, alipofika alikaa kwenye ngazi hasemi, nikamletea maji. Mamlaka ikatoa saa 24, na kampuni moja kubwa ikasimamishwa leseni miezi mitatu. Hiyo nguvu mahakama ya kawaida isingekuwa nayo, kesi ingetajwa, ingeahirishwa, wakili ana udhuru, na sisi tunasukuma. Ila ona na hili, kalenda ikishajulikana wajanja wanaijua pia. Bei ikitarajiwa kupanda Jumatano, Jumanne kuna vituo "mafuta yameisha mama", na Jumatano mchana yamezaliwa. Mwaka 2023 vituo kadhaa vilifungiwa miezi sita kwa kuficha. Kwa hiyo ukiweka kila kitu wazi unampa na mwizi ratiba, nalikubali hilo na bado naichagua hiyo kuliko faili la bluu, maana mwizi wa Jumanne nina pa kumshtaki na nina bei ya kumuonyesha kwenye simu yangu.

Wakubwa pia wana kitu kimoja sisi hatuna. Hiyo mamlaka ya mafuta, ya simu, ya usafiri, uamuzi wake ukikuuma unaweza kukata rufaa Baraza la Ushindani. Zuri kabisa, lipo kisheria. Liko Dar. Kampuni ya simu ina idara nzima ya watu wanaoamka asubuhi kusoma kanuni tu, wakiona GN mpya wanaijibu kabla mi sijachemsha chai. Mimi nikisema nakata rufaa juu ya sinki, nauli ya basi Moshi–Dar kwenda na kurudi na kulala inazidi ile elfu hamsini, kwa hiyo natoa elfu hamsini. Ndo maana utata haumuumi kila mtu sawa. Mkubwa anauzungumza mezani, sisi wadogo tunautolea hela.

Na "wazi", wazi kwa nani? Sheria zetu zilikuwa za Kiingereza mpaka 2021 ndo ikapitishwa kwamba lugha ya sheria ni Kiswahili, na nyingi nilizokutana nazo kwenye biashara yangu nimezikuta bado kwa Kiingereza cha "notwithstanding". Halafu zinahama. Chakula kilikuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, Julai 2019 kikahamia TBS, shirika la viwango, TFDA ikawa TMDA ya dawa na vifaa tiba. Kwa upande wetu ilikuwa nafuu kweli, kabla ya hapo kopo moja la siagi lilikuwa na wazazi wawili na kila mmoja anadai ada ya shule, na serikali yenyewe ilikiri kwenye ule mpango wake wa 2018 wa kuboresha mazingira ya biashara kwamba vyombo vinapandiana. Na wajasiriamali wadogo tukipitia SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, alama ya ubora miaka ya mwanzo tunabebewa gharama, hilo nalisema kwa shukrani kwa sababu lilinibeba. Lakini kuna mama namfahamu alikaa na lebo za zamani, makopo mia tano, hakuna aliyemwambia, akazibandua moja moja na maji ya moto.

Basi nilichofanya, baada ya yale magunia matatu, nilimtuma kijana wa dada akanitafutia. Sio sheria yote, zile kurasa zinazonihusu mimi tu, majengo ya kusindikia chakula, usafi, lebo, kiwango cha sumukuvu. Alitafuta siku mbili, bando langu likaisha mara tatu. Tukachapisha stationary hapo Double Road, nikazitia kwenye nailoni zisishike mafuta, nikazibandika ukutani kulia kwa mashine. Sinki la pili, kwa taarifa yenu, mahali pa kunawia mikono pawe tofauti na pa kuoshea vyombo, hivyo ndivyo nilivyokuta. Kwa hiyo yule kijana hakukosea sana. Nimeweka. Elfu 85 na fundi.

Mwezi uliopita akaja mwingine, binti mdogo, sketi nadhifu, kitambulisho kimegeukia mbele. Nikamkaribisha kwenye ndoo. Akaangalia masinki akatikisa kichwa vizuri, akaomba vyeti vya maabara nikampa, sumukuvu 6, akaandika. Halafu akasogea ukutani, akaanza kusoma zile karatasi, mkono nyuma, anasoma kweli, ukurasa wa kwanza, wa pili. Nikajua leo nimepatikana, kuna kitu nimebandika kinaniumbua.

Akatoa simu akapiga picha.

"Mama, samahani, hii umeitoa wapi? Mi ofisini nina nakala ya zamani, na hata hiyo haina kurasa za mwisho."

Nikamwambia ni kijana wangu aliitafuta.

"Unayo kama PDF? Nirushie WhatsApp basi."

Nikaandika namba yake pembeni ya lebo, nikatuma. Ikazunguka, ikazunguka, bando. Akaniwashia hotspot yake.